Mwanga unaong'aa kwenye picha: ufundi wa afishi, mtego wa habari

Simama kidogo mbele ya ukuta wowote wa Goma ambako watu wanabandika matangazo. Kuna afishi ya semina ya kanisa: mhubiri amesimama, na nyuma ya kichwa chake inatoka miali ya rangi ya dhahabu. Pembeni yake kuna afishi ya msanii kijana anayetoa wimbo mpya, jina lake limeandikwa kwa herufi za buluu zinazowaka kama taa ya baa. Chini kuna tangazo la saluni, la mashindano ya mpira, la tamasha la kwaya. Karibu kila moja lina kitu kinachong'aa. Ni kama vile, pasipo mwanga huo, mteja anaona hajapata kazi ya pesa yake. Nenda Bukavu, Butembo ao Bunia, utakuta ni vilevile.

Hakuna taa iliyotoa mwanga huo. Umechorwa kwenye ordinatere, mara nyingi kwenye simu tu, na kijana aliyejifunza kazi kwa kuangalia video za intaneti pale umeme unapokuwepo. Ni ufundi wenye kanuni zake na historia yake. Na kwa kuwa leo picha inakimbia kwenye WhatsApp kabla ya redio kufungua kinywa, ni ufundi ambao hata msomaji asiyetengeneza picha hata siku moja anafaa kuujua kidogo. Mkono unaowasha herufi za msanii unaweza pia kuwasha moto juu ya nyumba ambayo haikuungua.

Kwa nini jicho linaamini

Karatasi haiwaki. Kioo cha simu kinatoa mwanga, lakini kina mwisho wake: weupe wake mkubwa ni uleule, iwe unaonyesha shati jeupe ao jua la saa sita. Basi mbunifu anafanya namna gani ili taa ionekane kuwa na nguvu kuliko shati?

Jibu liko barabarani. Wanaosafiri asubuhi na mapema kwenye milima ya Lubero wanajua taa ya pikipiki inavyoonekana ndani ya ukungu: si nukta, ni duara kubwa laini linalokuja. Mwanga umegonga matone madogo ya maji hewani na kutawanyika. Vumbi linafanya vilevile, moshi wa makala pia. Hata hewa ikiwa safi kabisa, jicho lenyewe na lensi ya kamera vinatawanya mwanga kidogo, kwa hiyo kila taa kali inakuwa na ukungu wa mwanga kandokando yake. Ubongo wetu umezoea hivyo tangu utoto. Ukiona ukungu huo, unasema taa ni kali. Mbunifu mzuri anashughulika na ukungu kuliko taa yenyewe.

Jambo la pili linawashinda wengi wanaoanza. Katikati ya kitu kinachowaka, rangi inapotea. Chukua taa za neoni, zile Mfaransa Georges Claude alizozionyesha Paris mwaka wa 1910. Neoni inatoa mwanga mwekundu wa machungwa, lakini ukiipiga picha usiku, katikati ya mrija inatoka karibu nyeupe, kwa sababu mwanga umezidi uwezo wa kamera. Wekundu unabaki pembezoni na kwenye ukuta wa nyuma. Anayeanza kazi anapaka herufi nyekundu nzito, kisha anazungushia wekundu mwingine. Matokeo yake ni herufi ya plastiki yenye moshi. Haiwaki.

Waliotengeneza filamu ya kwanza ya Star Wars, mwaka wa 1977, walijua siri hiyo. Panga za mwanga za filamu ile ni nyeupe katikati, rangi iko kandokando. Na hapo kuna uhusiano ambao wengi wanaofungua Photoshop kila siku hawaujui. Programu hiyo ilianzishwa mwaka wa 1987 na Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani, pamoja na ndugu yake John. Huyo John alikuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ambayo George Lucas aliiunda ili itengeneze mambo ya ajabu ya Star Wars. Adobe ilitoa Photoshop ya kwanza mwaka wa 1990. Tabaka, zile wabunifu wetu wanaziita «calques», ziliingia mwaka wa 1994. Mwaka wa 1998 zikaja athari za tayari, na kati yao ule mwanga wa nje unaoitwa «Lueur externe» kwenye programu ya Kifaransa. Kabla ya hapo kila mwanga ulichorwa kwa mkono, tabaka kwa tabaka, na mpaka leo kazi iliyo nzuri bado inatengenezwa hivyo.

Hesabu ndogo

Ndani ya ordinatere, kila nukta ya picha ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani, ya buluu. Kila moja inaanzia 0, yaani giza tupu, mpaka 255. Ukiweka tabaka moja juu ya nyingine kwa njia ya kawaida, ya juu inafunika ya chini, kama karatasi juu ya karatasi. Mwanga haufanyi hivyo. Ukiwasha tochi mbili kwenye ukuta mmoja, ya pili haifunika ya kwanza. Zinajumlishana.

Kwa hiyo programu ina njia za kuchanganya. Ile inayoitwa «Densité linéaire - (Ajout)» inajumlisha tu: nukta ya 100 juu ya nukta ya 100 inatoa 200. Lakini 180 na 180 ni 360, na kwa kuwa mwisho ni 255, yote inageuka nyeupe tupu na alama za uso ao za kitambaa zinafutika. Njia nyingine, «Superposition», ina adabu zaidi. Inahesabu giza lililobaki badala ya mwanga, na giza hilo inalipunguza kidogo kidogo: 100 na 100 inatoa 161, na 180 na 180 inatoa 233. Haifiki kwenye weupe tupu kwa urahisi. Wabunifu wengi wanaanza na «Superposition» kwa ukungu mpana, kisha wanatumia ile ya kujumlisha sehemu ndogo tu, kwenye kiini cha taa.

Kwenye njia zote mbili, kuongeza 0 si kuongeza kitu. Ndiyo maana kijana mwenye simu tu anaweza kufanya kazi ileile. Anatafuta picha ya cheche, ya miali ao ya moto iliyopigwa juu ya mandharinyuma meusi, anaiweka juu ya picha yake ndani ya Picsart ao programu nyingine ya namna hiyo, anachagua njia ya kuchanganya, na weusi wote unapotea wenyewe. Zinabaki cheche tu. Hakuna kukata kwa mkasi wala kufuta pembezoni. Ni ujanja wa dakika mbili, na ndio uliojaza kuta zetu cheche za dhahabu zinazofanana.

Tuchukue kazi moja

Tuseme ni afishi ya tamasha la kwaya. Kuna picha ya mwimbaji mwenye mikrofoni, iliyopigwa mchana uani kwa kanisa, na jina la kwaya linatakiwa liwake juu yake kama taa ya neoni ya rangi ya machungwa.

Kazi ya kwanza ni kuzima mchana. Mwanga unahitaji giza la kuishi ndani yake; juu ya ukuta mweupe wenye jua hakuna atakayeuona. Picha inashushwa mpaka iwe ya usiku, lakini si nyeusi tupu. Giza lenye buluu kidogo, namba 20 ao 30, linafanya rangi ya machungwa itokee zaidi, maana rangi hizo mbili zinakingana. Watu wengi wanakosa hapa. Wanaacha picha ya mchana ilivyo, kisha wanaongeza mwanga, wanaongeza tena, mpaka afishi inakuwa kama imemwagiwa maziwa.

Herufi zinaandikwa nyembamba na za mviringo, maana mrija wa kioo hauna kona kali. Rangi yake ni karibu nyeupe, yenye machungwa kidogo sana. Kisha herufi zinanakiliwa mara tatu, na kila nakala inatiwa ukungu kwa kifaa kinachoitwa «Flou gaussien»: ya kwanza pikseli 5, ya pili 20, ya tatu 80 ao zaidi, kufuatana na ukubwa wa afishi. Zote tatu zina rangi ya machungwa iliyokolea na zimewekwa kwenye «Superposition». Kwa nini tatu? Mwanga wa kweli una nguvu sana karibu na taa, unaanguka haraka, kisha mkia wake unaenda mbali sana. Ukitumia «Lueur externe» mara moja peke yake, unapata pete yenye upana mmoja, kama mtu aliyezungushia herufi kalamu ya rangi. Tabaka tatu zinaiga ule mwanguko.

Wengi wanaishia hapo na kupeleka kazi kwa mteja. Kwangu mimi, hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Herufi zinawaka, lakini mwimbaji aliye chini yake hajui kama kuna taa juu yake! Uso wake bado una mwanga wa mchana uliokuja kutoka pembeni. Jicho la mpita njia haliwezi kusema kosa liko wapi, lakini linasikia kwamba mtu na jina havikuwa mahali pamoja.

Kwa hiyo brashi laini yenye rangi ileile inapita juu ya nywele, juu ya paji la uso, kwenye mabega, kwenye mdomo wa chuma wa mikrofoni: kila sehemu inayotazama juu. Tabaka hiyo inawekwa kwenye «Incrustation» ili alama za ngozi zisifunikwe. Sehemu zilizogeukia chini, yaani kidevu, shingo na ndani ya mikono, zinatiwa giza zaidi. Umbali nao unahesabiwa: ukiondoka mara mbili mbali na taa ndogo, mwanga unapungua mara nne. Basi mabega yanapata mwanga, kiuno kinapata kidogo sana, na viatu havipati kitu. Kama sakafu inang'aa, inafaa kuonyesha kivuli cha rangi cha zile herufi, kimepinduliwa na chenye ukungu.

Uso unahitaji uangalifu wa pekee. Zipo njia za haraka za kufanya uso «ung'ae», nyingine zina zaidi ya miaka thelathini: katika miaka ya 1980 mpiga picha wa Kanada, Michael Orton, alikuwa akibandika pamoja slaidi mbili za mahali pamoja, moja kali na moja yenye ukungu, akipata mandhari kama ya ndoto. Programu za simu leo zinafanya hivyo kwa kugusa mara moja, na picha zetu za arusi zimejaa huo ukungu. Lakini ukiuweka juu ya uso mweusi wote, unapandisha kila kitu: ngozi inageuka kijivu, na bibi arusi anatoka amepauka kuliko dada zake waliosimama pembeni. Ngozi nyeusi inang'aa kwa namna yake, kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye ncha ya pua, na sehemu nyingine inabaki na rangi yake iliyokolea. Ukungu wa mwanga uwekwe kwenye sehemu hizo tu, kwa kutumia masiki. Kuna wateja wanaoomba kupaushwa, hilo ni jambo lao. Lakini wengi hawakuomba. Kifaa ndicho kilichoamua.

Kutoka kioo mpaka bashi

Afishi iliyo tayari kwenye kioo inaenda njia mbili, na kila njia ina shida yake.

Kwenye simu, shida ni ngazi. Ukungu mpana juu ya giza unapanda polepole, tuseme kutoka 20 mpaka 60, kwenye upana wa pikseli 1 200. Hizo ni ngazi 40 tu, kila moja na pikseli 30, na jicho linaziona kama miduara ya maji baada ya kutupa jiwe ziwani. WhatsApp inapobana picha, inaongeza ubaya. Dawa ni ya ajabu kidogo: kuchafua. Unaongeza chembechembe ndogo sana juu ya picha nzima, na ngazi zinapotea. Kisha unatuma faili kama «document», si kama picha, ili isibanwe.

Kwenye karatasi na kwenye bashi la plastiki, shida ni kubwa zaidi. Mashine inachapisha kwa wino wa rangi nne, na wino hautoi mwanga. Weupe mkubwa unaopatikana ni weupe wa bashi lenyewe. Buluu ile kali ya umeme na kijani cha neoni vinakufa: buluu inaelekea zambarau, kijani kinakuwa cha majani. Giza nalo linameza mambo mengi, na kile kilichoonekana vizuri kwenye ordinatere usiku kinakuwa doa jeusi juani. Anayejua kazi anabadilisha faili kwenda rangi za uchapishaji mapema ili aone hasara kabla ya mteja kuiona, anapandisha giza kidogo, na anachagua rangi zinazovumilia, hasa manjano na machungwa. Ndiyo maana dhahabu inashinda kwenye kuta zetu. Watu wanafikiri ni mapendo ya utajiri. Sehemu kubwa ni wino.

Neno moja juu ya vyombo. Si siri kwamba ordinatere nyingi mijini mwetu zina Photoshop isiyolipiwa, iliyopita kutoka fimbo ya USB moja mpaka nyingine, pamoja na virusi vyake. GIMP ni ya bure kwa haki. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliianza mwaka wa 1995. Yote tuliyoeleza hapa inayafanya, ila majina yanabadilika: ile «Superposition» ya Photoshop, kwenye GIMP ya Kifaransa unaitafuta kwa jina la «Écran». Usiamini jina, angalia weusi: ukipotea, uko mahali pazuri.

Mwanga unapoingia ndani ya habari

Juu ya afishi kuna mapatano. Hakuna anayepita barabarani akaamini kwamba mhubiri anatoa miali kichwani. Kila mtu anajua ni pambo. Picha ya habari ina mapatano mengine: kilichoonekana hapa kilikuwa mbele ya kamera.

Mwezi wa nane mwaka wa 2006, wakati wa vita kati ya Israeli na Hezbollah kule Lebanoni, shirika la habari la Reuters liliachana na mpiga picha Adnan Hajj. Kwenye picha yake moja ya Beirut, moshi ulikuwa umeongezwa kwa kunakili moshi uleule. Kwenye nyingine, ndege ya kivita ya Israeli ilionekana ikiangusha mianga mitatu inayowaka. Picha ya asili ilikuwa na mmoja. Yeye alisema alikuwa akisafisha alama za vumbi. Reuters iliondoa picha zake zote, 920, kwenye hifadhi yake. Waliogundua si wakubwa wa shirika. Ni wasomaji wa kawaida kwenye intaneti, walioona kwamba mawingu ya moshi yanafanana kama mapacha.

Kesi hiyo ni nyepesi kuamua, maana kitu kiliongezwa. Nyingine ni ngumu. Mwaka wa 2013, tuzo kubwa ya World Press Photo ilipewa Paul Hansen wa Sweden kwa picha ya maziko ya watoto kule Gaza: wanaume wanapita kwenye njia nyembamba wakibeba miili, na mwanga mzuri wa ajabu unawaangukia nyusoni. Mzuri mno, watu wakasema. Wengine walidai kwamba ni picha kadhaa zilizounganishwa. Wataalamu waliitwa wakakagua faili la asili, na wakasema hapana, ni picha moja. Kilichofanyika ni kurekebisha mwanga na rangi, sehemu fulani kupandishwa na nyingine kushushwa. Sheria haikuvunjwa. Lakini mabishano hayakuisha, kwa sababu swali lilikuwa halali: unaweza kupandisha mwanga mpaka wapi kabla ya huzuni ya watu kugeuka filamu? Miaka miwili baadaye, shindano hilohilo liliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya mwisho kabla ya fainali, kwa sababu ya kuongeza ao kuondoa vitu na kurekebisha kupita kiasi.

Kwetu swali hili halihusu tuzo. Mahali ambako raia wanaamua kukimbia ao kubaki kwa kuangalia simu, picha ya mlima unaowaka usiku ni amri. Kuwasha moto kwenye madirisha ya nyumba ao kuweka wekundu kwenye mawingu juu ya mtaa ni kazi ya dakika mbili, ni ile hesabu ya weusi unaopotea. Anayeipokea usiku, na watoto wamelala, hatafanya hesabu.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili, na mimi naiogopa vilevile: kuita kila mwanga uongo. Jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021, mbingu juu ya Goma iligeuka nyekundu. Nyiragongo ilikuwa imepasuka ubavuni. Picha zilizotoka usiku ule, mawingu mekundu juu ya paa za mabati na umati wa watu barabarani, zilikuwa na kila alama ya kazi ya ordinatere: rangi moja iliyokolea, ukungu mpana, giza chini. Na zilikuwa za kweli. Lava ilishuka mpaka karibu na uwanja wa ndege, zaidi ya watu 30 walikufa, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya wakaaji waliondoka mjini kwenda Sake, Minova na ngambo ya mpaka. Mtu aliye Kinshasa ao Ulaya angeweza kusema ni Photoshop. Aliye Majengo hakuwa na nafasi ya kubisha.

Sasa tofauti inaonekana wapi? Palepale ambapo mbunifu mvivu anashindwa: kwa majirani wa mwanga. Mwanga wa kweli unagusa kila kitu kinachoutazama. Kwenye picha za kweli za usiku ule, wekundu uko chini ya mawingu, lakini uko pia kwenye mabati, kwenye kuta zilizotazama kaskazini, kwenye nyuso zilizogeukia mlima, na migongo imebaki gizani. Moto uliobandikwa unawaka peke yake. Dirisha linatoa ndimi za moto na ukuta wa pembeni ni baridi, mti ulio mbele hauna hata jani moja lenye rangi. Kama kuna ziwa ao dimbwi la mvua, angalia maji: yanapaswa kuonyesha moto ule, umepinduliwa. Angalia chembechembe pia. Simu inayopiga picha gizani inajaza picha nzima vumbi dogo la rangi. Mwanga ulioongezwa baadaye mara nyingi ni laini kama siagi katikati ya vumbi hilo. Na yale maduara ya rangi ambayo lensi inayatoa ikitazama taa kali yanapangwa kwenye mstari mmoja unaotoka kwenye taa na kupita katikati ya picha. Yakienda upande mwingine, ama picha imekatwa pembeni, ama mtu aliyaweka.

Hakuna alama kati ya hizo inayotosha peke yake. Simu za leo zenyewe zinaunganisha picha kadhaa za usiku kuwa moja na kupandisha mwanga bila kumwuliza mtu, kwa hiyo hata picha ya kweli inaweza kuonyesha mbingu angavu kuliko jicho lilivyoiona. Na mashine za akili bandia zimeanza kujua kupaka mwanga kwenye majirani vizuri kuliko vijana wengi wa afishi.

Ndiyo maana, picha ya namna hiyo inapofika kwenye dawati la habari, swali la kwanza linaenda kwa aliyeituma, kabla ya kuichunguza picha yenyewe. Anaombwa faili la asili, litumwe kama «document», maana picha iliyopita kwenye makundi kumi ya WhatsApp imebanwa mara kumi na alama zote zimefutika. Kisha anaombwa picha iliyotangulia na iliyofuata. Mtu aliyekuwa kweli mbele ya moto hapigi picha moja. Anapiga tano, sita, nyingine zimetikisika, nyingine zina kidole chake pembeni, na kwenye kila moja ndimi za moto zina umbo lingine. Aliyetengeneza kwa kawaida ana moja tu, nzuri sana, na hajui aliipigia kutoka barabara gani.